Mitambo ya Hospitali Nayo Ina Umri Wake

Mkaazi wa Pemba anayeambiwa hospitalini kwamba mashine ya eksirei imeharibika, na kwamba fundi anangojewa kutoka Dar es Salaam, hana njia nyingi mbele yake. Atamfunga mtoto mkono kwa kipande cha kanga, atakopa nauli kwa jirani, na atapanda boti kuja Unguja kutafuta picha moja tu ya mfupa. Siku mbili au tatu za kazi zimempotea, na huku Unguja atahitaji pa kulala. Gharama hiyo haionekani katika hesabu za wizara yoyote. Inalipwa na yeye, na mara nyingi analipa kwa kuuza kitu.

Hatuandiki haya ili kumtafuta mkosaji. Tunaandika kuuliza swali moja: ni nani katika kila hospitali yetu anayejua, kwa maandishi, mtambo upi utafikia mwisho wa utumishi wake mwakani, na upi baada ya miaka mitatu? Mtumishi wa Serikali anapoajiriwa, tarehe ya kustaafu kwake hujulikana siku hiyo hiyo, na ofisi hujitayarisha. Mtambo wa mamilioni ya shilingi, ambao roho za watu zimefungamana nao, mara nyingi haupewi hata hesabu hiyo ndogo. Hungojewa ufe, kisha ndipo barua zianze kuandikwa.

Swali hili lina uzito zaidi sasa kuliko miaka iliyopita. Tangu Serikali ya Mapinduzi ilipotangaza matibabu bure mwaka 1965, hospitali zetu zilipata vifaa vyake kidogo kidogo, kimoja leo na kingine baada ya miaka, na kwa hiyo vilichakaa kwa zamu. Hali imebadilika. Hospitali ya Abdulla Mzee, Mkoani, ilifunguliwa upya mwaka 2016 baada ya kujengwa kwa msaada wa China. Hospitali 10 za wilaya, Unguja na Pemba, zimejengwa baada ya mwaka 2021 kwa fedha za ahueni ya UVIKO-19. Hayo ni mafanikio makubwa, na anayeyabeza hakuziona wodi tulizokuwa nazo. Lakini mitambo iliyofungwa kwa pamoja itazeeka kwa pamoja. Ikiwa umri wa mtambo wa eksirei au wa kutolea dawa ya usingizi ni kama miaka 10, basi mwanzoni mwa miaka ya 2030 hospitali hizo zote zitabisha hodi Hazina kwa wakati mmoja. Bajeti ya mwaka mmoja haitaweza kubeba mzigo huo.

Hesabu yake si ngumu. Tuseme mtambo umenunuliwa kwa shilingi milioni 100 na unatarajiwa kutumika miaka 10. Kila mwaka milioni 10 zinaliwa na uchakavu, tupende tusipende. Ama tuziweke pembeni mwaka kwa mwaka, ama tuje kuzitafuta zote siku moja, tena kwa bei iliyokwisha kupanda. Juu ya hizo kuna matengenezo, ambayo wataalamu hukadiria kuwa shilingi tano au sita kwa kila mia ya bei ya kununulia, kila mwaka. Kwa hiyo anayepokea mtambo wa msaada na kusema ameupata bure hajamaliza kuhesabu.

Hata hivyo umri peke yake hautoshi kuamua. Jumuiya ya Ulaya ya watengenezaji wa mitambo ya picha, COCIR, imeweka kanuni kwamba angalau asilimia 60 ya mitambo iwe chini ya miaka 5, na isizidi asilimia 10 iliyopita miaka 10. Kanuni hiyo inafaa kujulikana, lakini tukumbuke kwamba wanaoitoa ndio wauzaji. Kitanda cha kujifungulia cha chuma kinachopakwa rangi na kubadilishwa godoro hakina sababu ya kutupwa kwa kuwa kimetimiza miaka 15. Mtambo wa kutakasa vyombo kwa mvuke, ukibadilishwa mpira wa mlango kwa wakati na kupimwa shindikizo lake, huweza kutumika miaka mingi. Mashine ya usingizi ni jambo jingine, kwa sababu siku itakapokosea itakosea mgonjwa akiwa juu ya meza.

Kwa hiyo maswali ya kumuuliza fundi ni ya dhahiri. Je, mtengenezaji bado anauza vipuri vya mtambo huu, au ameandika barua kwamba ameacha? Mwaka jana ulisimama siku ngapi? Gharama za matengenezo yake kwa miaka mitatu zimefika wapi zikilinganishwa na bei ya mpya? Ukisimama, mgonjwa ana pa kwenda hapa hapa kisiwani, au lazima avuke bahari? Swali hili la mwisho halimo katika vitabu vya nchi za bara, lakini kwetu sisi ndilo la kwanza. Mashine mbili za aina moja na umri mmoja, moja Mjini Unguja na nyingine Micheweni, hazistahili tarehe moja ya kustaafishwa.

Aidha, miaka ya kiwandani si miaka ya visiwani. Upepo wa chumvi hula nyaya na vibati vya ndani, na unyevu wa masika huota ukungu katika vioo. Umeme nao una historia yake. Unguja ilikaa gizani takriban mwezi mmoja mwaka 2008, na takriban miezi mitatu kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, hospitali zikiendeshwa kwa majenereta. Na kuna mashine za msaada zinazofika kutoka nchi zinazotumia volti 110, ilhali sisi tunatumia 230. Uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka 2011, uliopitia vifaa zaidi ya laki moja katika nchi zenye kipato kidogo, ulikuta karibu vifaa 40 katika kila 100 havifanyi kazi.

Mwandishi wa safu hii aliwahi kufuatana na kamati moja ya siasa kuitembelea hospitali ambayo hatutaitaja. Nyuma ya bohari, chini ya mwembe, tulikuta mashine ya kufyonza, taa ya upasuaji na sanduku la joto la watoto njiti. Fundi, kijana mwenye adabu, alitutolea daftari la skuli alilonunua kwa fedha zake. Ameandika humo kila mtambo, siku ulipofika, kila ulipoharibika na kilichobadilishwa. Sote tulisoma chuoni habari ya amana, lakini siku ile ni kijana huyu aliyetuonesha namna ya kuitunza. Tulimuuliza daftari hilo hupelekwa kwa nani. Akajibu kwamba hajawahi kuulizwa.

Mashine zile za chini ya mwembe nazo hazifai kusahauliwa. Mwaka 1987, katika mji wa Goiânia, Brazil, mtambo wa kutibu saratani ulioachwa katika jengo lililohamwa ulichukuliwa na waokota vyuma chakavu na kuuzwa. Ndani yake mlikuwa na mionzi ya sisiamu. Watu 4 walikufa na 249 walikutwa wameambukizwa mionzi hiyo. Mashine ya kawaida ya eksirei haina hatari hiyo ikishazimwa, lakini vipima-presha vya zamani vina zebaki, ambayo Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ulikusudia kuiondoa katika vifaa hivyo. Wanunuzi wa vyuma chakavu wamejaa katika visiwa vyetu, na mtoto akiokota chupa ya zebaki atadhani ni mchezo. Mpango wa kuleta mtambo mpya ueleze vilevile wa zamani unakwenda wapi.

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai mosi, na Baraza la Wawakilishi hupitia makadirio kabla ya hapo. Tunaiomba Wizara ya Afya ikusanye madaftari ya mafundi wote, Unguja na Pemba, iyaunganishe kuwa orodha moja yenye tarehe ya kustaafishwa kila mtambo na fedha inayohitajika kwa kila mwaka, na orodha hiyo iwe mezani mwa Wajumbe kabla fungu la vifaa tiba halijajadiliwa.