Disketi ya Apple II na Uhifadhi wa Programu za Nyumbani

Maandishi yo yote yahitaji mambo mawili ili yadumu: kitu cha kuandikiwa, na kanuni ya kuyasomea. Kitu chaweza kuwa karatasi, ngozi au jiwe. Kanuni ni zile herufi pamoja na mapatano ya wale wanaozitumia. Kimoja kikikosekana, cha pili hakina faida. Jambo hili, ambalo wachunguzi wa hati za kale wamelizoea, laonekana wazi katika historia ya kompyuta ndogo zilizoanza kutumiwa majumbani nchini Marekani baada ya mwaka 1975. Katika makala haya yaelezwa jinsi disketi ya kompyuta iitwayo Apple II ilivyofanya kazi, jinsi ilivyobadili kazi ya watunga programu wa nyumbani, na sababu iliyofanya ufundi ule ule ulioishusha bei yake uwe leo kikwazo kwa wasomaji wake.

Kabla ya kuendelea yafaa maneno machache yafafanuliwe. Programu ni mfululizo wa amri ambazo kompyuta huzifuata moja baada ya moja. Biti ni alama iliyo ndogo kupita zote, nayo ina hali mbili tu, 0 au 1. Biti 8 pamoja hufanya baiti moja, ambayo yatosha kuandikia herufi moja; na baiti 1,024 ni kilobaiti moja. Disketi ni kisahani chembamba cha plastiki kilichopakwa oksidi ya chuma na kutiwa ndani ya bahasha ya mraba. Hupokea usumaku kama ukanda wa kaseti, lakini huzunguka kama santuri.

Mwanzoni mwa mwaka 1975 gazeti la Popular Electronics lilitangaza kompyuta iitwayo Altair 8800, ambayo mnunuzi aliweza kuipata katika vipande na kuiunga mwenyewe. Haikuwa na kibodi wala skrini. Amri zake ziliingizwa kwa kuinua na kushusha swichi, na umeme ulipozimwa zote zilipotea. Tarehe 5 Machi mwaka huo, watu waliovutwa na mitambo ya namna hii walikutana katika gereji ya nyumba moja huko Menlo Park, California, wakaanzisha chama kilichoitwa Homebrew Computer Club. Kazi hii waliifanya kwa mapenzi, si kwa ujira. Walionyeshana michoro, wakapeana programu, na kila mtu akajifunza kwa mwenziwe. Mmoja wao alikuwa Steve Wozniak, ambaye pamoja na Steve Jobs walianzisha kampuni ya Apple mwaka 1976. Kompyuta yao ya pili, Apple II, ilionyeshwa San Francisco mwezi Aprili 1977. Hiyo ilikuwa na kibodi, na lugha ya BASIC ilikuwa imekwisha kutiwa ndani yake, hata mtu aliweza kuanza kutunga programu mara tu alipoiwasha.

Shida iliyobaki ilikuwa ya kuhifadhi kilichotungwa. Watumiaji wa kwanza walitumia kinasa sauti cha kawaida na ukanda wa kaseti. Programu ya kilobaiti 16 ilichukua kama dakika moja na nusu kusomwa, na hilo si neno kubwa. Taabu ilikuwa kwamba ukanda hausomwi ila kwa mfuatano: atakaye programu ya tatu hana budi kuipita ya kwanza na ya pili. Tena katika ukanda wa Apple II programu haikuwa na jina. Mtu mwenyewe ndiye aliyebonyeza vitufe vya kinasa sauti, ndiye pia aliyeandika kwenye karatasi mahali programu ilipoanzia. Sauti ikiwa ndogo au kubwa kupita kiasi, usomaji ulishindikana.

Disketi zilikuwapo tayari. Kampuni ya IBM ilianza kuzitoa mwaka 1971 zikiwa na upana wa inchi 8, na mwaka 1976 kampuni ya Shugart Associates ilitoa mtambo wa disketi ya inchi 5 na robo. Walakini mitambo hiyo ilihitaji vipande vingi vya elektroniki vya kuiongoza, na gharama yake ilikuwa kubwa kwa mtu wa nyumbani. Mwishoni mwa mwaka 1977 Wozniak aliipunguza elektroniki hiyo hata kadi ya kuongozea mtambo ikabaki na chipu 8 tu. Kazi iliyokuwa ikifanywa na waya na vyuma aliikabidhi programu. Mathalan, disketi ilitobolewa kitundu kidogo ili mtambo utambue mahali mzunguko unapoanzia. Wozniak hakukitumia, bali kila kipande cha maandishi kiliandikiwa anwani yake chenyewe. Mtambo huo, ulioitwa Disk II, ulianza kuuzwa mwaka 1978. Bei yake pamoja na kadi ilikuwa dola 595, ambayo ni karibu nusu ya dola 1,298 zilizotakiwa kwa Apple II yenye kumbukumbu ya kilobaiti 4.

Uso wa disketi uligawanywa katika maduara 35, na kila duara katika vipande 13 vyenye baiti 256 kila kimoja. Namna ya kuziandika baiti hizo yastahili kuangaliwa kwa makini. Juu ya disketi, 1 ni mahali usumaku unapogeuka, na 0 ni mahali usipogeuka. Mtambo husoma kwa kupima muda. 0 nyingi zikifuatana, hupotewa na hesabu. Kwa hiyo si kila mpango wa biti 8 uliofaa kuandikwa. Mipango iwezekanayo ni 256, lakini kanuni ya kwanza ilitaka kila alama ianze na 1, wala 0 mbili zisifuatane. Mipango iliyotimiza masharti hayo ilikuwa 34 tu. Katika hiyo, 32 ilitumiwa kuandikia, na 2 iliwekwa kando iwe dalili ya mwanzo wa kila kipande. Ndiyo kusema disketi ilikuwa na alfabeti yake yenyewe, nayo baiti 256 za kawaida zilihitaji alama 410 za alfabeti hiyo.

Hali hii si ngeni kwa msomaji wa hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambamo mara nyingi alama moja ya irabu husimama badala ya i na e, na nyingine badala ya u na o. Alama zilizopo hazilingani na zinazotakiwa, na mapatano ya mwandishi na msomaji ndiyo yazibayo pengo. Tofauti ni kwamba katika disketi mapatano hayo yalikuwa ndani ya programu, wala mtumiaji hakuyaona.

Juu ya alfabeti hiyo ulijengwa utaratibu wa majina, ulioandikwa mwaka 1978 na Paul Laughton wa Shepardson Microsystems. Orodha ya majina iliwekwa katika duara la 17, karibu na katikati, ili kichwa cha kusomea kisiende mbali kuifikia. Kila jina liliweza kuwa na herufi hadi 30. Mtumiaji alipoandika amri ya CATALOG, majina yote yalitokea kwenye skrini. Alipofuta programu, kilichobadilishwa ni orodha tu. Maandishi yenyewe yalibaki mpaka mengine yalipoandikwa juu yake, na aliyejua hivyo aliweza kuiokoa kazi yake.

Faida haikuwa kasi peke yake. Mtunga programu sasa aliweza kuhifadhi kazi yake kila jioni kwa jina jipya, akailinganisha na ya jana, na kurudia ya kwanza akiona amepotea njia. Kadhalika programu yenyewe iliweza kuandika na kusoma habari bila kumwita mtu. Mwaka 1979 Dan Bricklin na Bob Frankston walitoa VisiCalc, programu ya hesabu za safu na mistari, nayo ilisambazwa kwa disketi na kuwavuta hata wafanyabiashara kununua Apple II. Wapenzi wa kompyuta waligundua pia kwamba, kwa kuwa kile kitundu hakikutumiwa, yatosha kukata pengo dogo ukingoni mwa bahasha na kuigeuza disketi ili upande wa pili uandikwe.

Lakini kanuni iliyo ndani ya programu hubadilika upesi. Mwaka 1980 kanuni ililegezwa ili jozi moja ya 0 iruhusiwe katika alama moja. Alama za kuandikia zikawa 64, baiti 256 zikatosha katika alama 342, na vipande vya kila duara vikawa 16. Disketi ile ile ilichukua baiti 143,360 badala ya 116,480. Hata hivyo disketi za zamani hazikusomeka tena kwa utaratibu mpya, ikabidi itolewe programu iitwayo MUFFIN ya kuzihamisha. Miaka miwili tu ilikuwa imepita, na tayari maandishi yalihitaji mkalimani. Wauzaji wa programu nao walizibadili kwa makusudi dalili za mwanzo wa vipande, ili disketi zao zisinakiliwe. Wapenzi walijifunza kuzivunja hila hizo. Wenye mali walichukizwa, lakini nyingine kati ya programu hizo zimefika hadi leo katika nakala hizo.

Utengenezaji wa kompyuta za jamii ya Apple II ulikoma mwaka 1993, na usumaku wa disketi hufifia kadiri miaka ipitavyo. Kwa sababu hiyo zimetengenezwa mashine zinazopima migeuko ya usumaku yenyewe, bila kutegemea alfabeti yo yote, ili kanuni zitafutwe baadaye.

Jambo hili lawagusa pia watunzaji wa maandishi ya Kiswahili. Hati na kanda za sauti zilizokuwa katika maktaba ya chuo kikuu cha Dar es Salaam ziliorodheshwa na J. W. T. Allen katika kitabu kilichotolewa mwaka 1970, na orodha kama hiyo ni nusu ya uhifadhi. Mwenye disketi ya miaka ya 1980 iliyoandikwa utenzi au msamiati amwachie msomaji ajaye mambo matatu pamoja nayo: jina la kompyuta, jina la programu, na mwaka. Hapo atakayeipokea atakuwa na maandishi na kanuni yake pia. Bila hayo atabaki na kisahani cha plastiki kilichopakwa oksidi ya chuma.