Kansa ya matiti: aina ya operesheni inabadilisha maisha ya baadaye

Mwanamke anapoambiwa kwamba ana kansa ya titi, swali lake la kwanza ni: je, nitapona? La pili, ambalo wengi hawathubutu kulitamka mbele ya daktari, ni: baada ya kupasuliwa nitabaki namna gani? Jibu linategemea sana aina ya operesheni, na mama anapashwa kulipata kabla ya siku ya kupasuliwa.

Kuna njia mbili kubwa. Ya kwanza ni kuondoa uvimbe pamoja na sehemu ndogo ya nyama inayouzunguka, na titi linabaki. Ya pili ni kuondoa titi lote. Baadhi ya wanaoondolewa titi hutengenezewa lingine, kwa silikoni au kwa nyama na mafuta ya tumbo lao wenyewe.

Zamani, kwa kufuata njia ya daktari Mmarekani William Halsted, titi liliondolewa pamoja na misuli ya kifua. Iliaminiwa kwamba kukata zaidi ndiko kupona zaidi. Umberto Veronesi huko Milan, nchini Italia, na Bernard Fisher huko Marekani walipima imani hiyo. Mwaka 2002, baada ya kufuatilia wagonjwa kwa miaka 20, wote wawili walitoa jibu moja: kansa ikigunduliwa mapema, waliobaki na titi na kupata matibabu ya mionzi huishi muda sawa na walioondolewa titi lote.

Tofauti basi iko katika maisha ya kila siku. Kwa ujumla, waliobaki na titi huridhika zaidi na mwili wao. Walioondolewa titi lote hutaja zaidi haya ya kuvua nguo mbele ya mume, na taabu ya nguo zisizokaa sawa kifuani. Kitambaa laini kilichojazwa pamba na kuwekwa ndani ya sidiria huwasaidia wengi, bila gharama kubwa. Wanaotengenezewa titi jipya hufurahia umbo, lakini mara nyingi hurudi kupasuliwa zaidi ya mara moja.

Mkono unaovimba

Kuna jambo ambalo akina mama wengi hawaambiwi mapema: tezi za kwapani. Tezi nyingi zikiondolewa, karibu wanawake 20 kati ya 100 hupata uvimbe wa mkono. Zikipimwa chache tu za kwanza, idadi hushuka hadi 5 au 6. Kwa mama anayelima, anayetwanga sombe na kubeba bidoni ya maji, mkono ndio mkate wa nyumba.

Wengi huonywa wasiinue tena kitu chochote. Lakini utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2009 ulionyesha kwamba kuinua uzito kidogo kidogo, chini ya uangalizi, hakukuongeza uvimbe. Mazoezi ya bega huanza mapema kufuatana na shauri la daktari, na kidonda chochote cha mkono huo hutibiwa haraka.

Mionzi iko mbali

Kubakiza titi kunaenda pamoja na mionzi, kwa kawaida wiki tatu hadi tano, karibu kila siku. Kwa mgonjwa wa Goma au Bukavu, hiyo ni safari ya mbali, mara nyingi nje ya nchi. Kigali, kwa mfano, ilianza kutoa matibabu hayo mwaka 2019 katika hospitali ya kijeshi ya Kanombe. Usafiri, chumba, chakula na mtu wa kubaki na watoto vyote vinaingia katika hesabu. Ndiyo maana kwa mama asiyeweza kufika huko, kuondoa titi lote kunaweza kuwa chaguo la busara. Hata hivyo, baadhi ya walioondolewa titi lote nao huhitaji mionzi, hasa kansa ikiwa imefika kwenye tezi.

Kuna pia kosa la kuchelewa. Wengine hukimbia hospitali kwa kuogopa kukatwa titi. Lakini uvimbe ukiachwa ukue, nafasi ya kulibakiza hupungua, na maisha yenyewe huingia hatarini.

Kabla ya kukubali tarehe ya operesheni, mama anaweza kumuuliza daktari: Je, titi langu linaweza kubaki? Dawa za kupunguza uvimbe zinaweza kutangulia? Tezi ngapi zitaondolewa? Nitahitaji mionzi, na wapi? Nitaanza lini kazi za shamba?

Ni vizuri mume awepo siku hiyo, asikie mwenyewe. Kovu la kifuani haliambukizi, na halimzuii mama kupendwa wala kulala na mume wake. Akisikia hayo kutoka kwa daktari, nyumba nyingi zitaepuka maneno ambayo yanaumiza kuliko kisu.