Bolti Ndogo Chini ya Injini

Mji wa Lamadi umekaa mahali pa njia panda. Barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma hupita hapo, na nyingine huchepuka kuelekea Bariadi. Upande mmoja yako maji ya Ghuba ya Speke, ambayo ni sehemu ya Ziwa Viktoria. Upande wa pili, si mbali, liko lango la Ndabaka la Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Mahali kama hapo, ambapo magari hupita mchana na usiku, kazi ya kubadili oili ya injini haikosekani.

Kazi hiyo hudhaniwa kuwa nyepesi, na aghalabu huachiwa mwanagenzi. Hata hivyo ina hatari mbili. Bolti iliyokazwa bila kipimo huweza kuiua injini, na oili iliyomwagwa ovyo huweza kufika ziwani. Hatari zote mbili huepukwa kwa fizikia ile ile ifundishwayo katika shule za sekondari.

Kazi ya oili

Oili hutenganisha vyuma visisagane, huondoa joto, na hubeba uchafu mpaka kwenye chujio. Kadiri injini inavyofanya kazi, masizi, asidi na chembe za chuma huongezeka katika oili, na dawa zilizotiwa humo kiwandani hupungua nguvu. Ndiyo maana hapana budi ibadilishwe kila baada ya kilometa zilizoandikwa katika kitabu cha gari. Oili hukaa katika bakuli lililo chini ya injini, ambalo mafundi huliita sampu. Mahali pa chini kabisa pa sampu pana tundu lenye hesi, nalo huzibwa kwa bolti moja. Bolti hiyo ikilegea na kudondoka njiani, oili yote humwagika kwa muda mfupi, na injini hukwama isiweze kuzunguka tena.

Namna hesi zinavyoliwa

Hesi ni mteremko uliozungushwa juu ya mche duara. Bolti yenye kipenyo cha milimeta 14, ambayo hesi zake zimeachana kwa milimeta 1.5, husogea milimeta 1.5 kwa kila mzunguko mmoja. Kichwa chake kikishagusa sampu, bolti haiwezi kusogea zaidi. Huanza kuvutika kidogo sana, mfano wa springi. Mvuto huo ndio uishikao mahali pake.

Kwa magari mengi madogo, momenti itakiwayo kukaza bolti hii ni kati ya nyutoni-mita 25 na 45. Chukua nyutoni-mita 35. Kwa spana yenye urefu wa mita 0.2, mkono utahitaji kani ya nyutoni 175 tu, yaani kama uzito wa kilo 18. Lakini kwa msaada wa hesi, kani hiyo ndogo huivuta bolti kwa nyutoni zipatazo 12,500, ambazo ni sawa na uzito wa zaidi ya tani moja.

Sasa fundi akichomeka bomba kwenye spana ili urefu uwe mita 0.8, kisha akavuta kwa kani ile ile, momenti itakuwa nyutoni-mita 140. Hesi zitapaswa kuhimili mvuto mara nne ya ule wa kwanza, yaani uzito wa tani tano hivi. Bolti huwa ya chuma cha pua, lakini sampu za magari mengi ni za alumini, nayo ni laini zaidi. Kwa hiyo kinachoshindwa ni sampu. Isitoshe, mzigo haugawanyiki sawasawa: hesi za mwanzo, zilizo karibu na kichwa, hubeba sehemu kubwa kuliko zile za ndani. Hizo zikikatika, mzigo huhamia kwa zifuatazo, nazo hukatika vilevile. Dalili yake ni bolti kuzunguka bila kukaza, na vipande vya alumini kunasa katika hesi zake.

Namna ya kutengeneza

Kwanza yafaa kujua kilichoharibika. Ikiwa hesi za bolti ndizo zilizoliwa na za tundu ni nzima, hununuliwa bolti mpya yenye kipenyo kile kile na hesi zilizoachana kwa kadiri ile ile. Bolti mpya ijaribiwe kwa vidole. Isipoingia kwa vidole, isilazimishwe kwa spana.

Ikiwa tundu limeharibika, ziko njia tatu. Ya kwanza ni bolti nene kidogo ijikatiayo hesi mpya yenyewe. Njia hii ni ya haraka, lakini hupunguza unene wa ukuta wa tundu, na bolti ikiingia upande, sampu huweza kupasuka. Ya pili ndiyo bora: tundu hupanuliwa kwa keekee, hukatwa hesi mpya kwa tepu, kisha huingizwa koili ya waya wa chuma kisichoshika kutu, au bushi yenye hesi ndani na nje. Bolti ya asili hurudi mahali pake, na hesi mpya huwa ngumu kuliko zile za alumini zilizokatika. Ya tatu ni kubadili sampu nzima.

Katika njia ya pili ni vema sampu ifunguliwe kwanza, ili vumbi la alumini lisibaki ndani. Isipowezekana, tepu ipakwe grisi inase chembe, kisha oili kidogo ipitishwe kuosha tundu kabla ya kufunga. Kuzungushia bolti uzi, mpira au utepe mweupe wa mafundi bomba si matengenezo. Vitu hivyo huzuia oili isivuje kwa muda, lakini haviwezi kubeba mzigo ambao hesi zilizokatika zilikuwa zikiubeba.

Kubadili oili kwa usafi

Gari liegeshwe mahali tambarare, breki ya mkono ivutwe na magurudumu yawekewe vizuizi. Mtu asiingie kamwe chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Injini iwe na uvuguvugu: oili baridi hutoka polepole na kuacha uchafu, na ile ya moto sana huunguza. Beseni pana liwekwe chini kabla ya bolti kulegezwa. Baada ya oili kwisha kutoka, bolti ifutwe, iwekewe washa mpya, iingizwe kwa vidole mpaka igote, ndipo spana itumike kwa kipimo.

Mpira wa chujio jipya upakwe oili safi. Ukishagusa injini, chujio likazwe kwa mkono yapata robo tatu ya mzunguko, isipokuwa kama kiwanda kimeelekeza vingine. Oili mpya ikishatiwa, injini iwashwe na taa ya oili itazamwe izimike, kisha injini izimwe. Baada ya dakika chache kipimo kisomwe, na chini ya gari pachunguzwe kama panavuja.

Oili chafu na ziwa

Oili iliyotumika ina chembe za madini na kemikali ziwezazo kuleta saratani. Kwa hiyo glavu ni za lazima. Hatari yake majini huonekana kwa hesabu ndogo. Utando wa oili wenye unene wa maikrometa moja huonyesha juu ya maji rangi kama za upinde wa mvua. Lita nne, ambazo ni oili ya gari moja dogo, zikitandazwa kwa unene huo hufunika mita za mraba 4,000, eneo lipitalo nusu ya uwanja wa mpira. Oili iliyomwagwa mtaroni husubiri mvua tu. Ziwa hilo hutoa samaki na maji ya kunywa, na Tanzania hulishiriki pamoja na Kenya na Uganda. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 hulinda ukanda wa mita 60 kutoka ukingo wake.

Kwa hiyo oili chafu imiminwe katika dumu lenye kifuniko, isichanganywe na maji wala petroli, na ikabidhiwe kwa wakusanyaji wenye kibali. Chujio lililotolewa liinamishwe juu ya beseni mpaka lichuruzike lote.

Shule yenye spana, rula na mizani ya springi inaweza kulipima jambo hili darasani: mwanafunzi avute kwa kani moja, lakini abadili urefu wa mkono wa spana, kisha akokotoe momenti kila mara. Akishaziona tarakimu hizo kwa macho yake, atafahamu kwa nini fundi stadi huliacha bomba kando, na kuikaza bolti ndogo kwa kipimo chake.