Dorcas na Tabitha: paa mmoja, lugha mbili
Mzazi anayemwita binti yake mmoja Dorcas na mwingine Tabitha amewapa, kwa hakika, jina moja. Dorcas ni neno la Kigiriki lenye maana ya paa. Tabitha ni paa huyo huyo kwa Kiaramu. Wagiriki wa kale walilihusisha neno lao na kitenzi cha kuona, kwa sababu ya macho makubwa maangavu ya mnyama huyo.

Matendo ya Mitume, sura ya 9, huyataja majina yote mawili kwa mwanamke mmoja wa Yafa, aliyewashonea wajane nguo na ambaye Petro alimfufua. Kitabu kiliandikwa kwa Kigiriki, ndipo mwandishi akawafasiria wasomaji wake lile la Kiaramu. Wataalamu wa wanyama nao wamelihifadhi: paa mdogo wa majangwa ya Afrika Kaskazini huitwa Gazella dorcas.