Plagi isiyo na waya

Nyuma ya taa ya mwisho upande wa kulia wa jukwaa kulikuwa na plagi ya pini tatu, imechomekwa barabara, na haina waya. Taa nyingine zote zilikuwa zimeshikana: waya unaingia tundu hili, unatokea tundu la pili, unakwenda kwa jirani. Hii ya mwisho ilipokea waya wake kama wenzake, kisha kwenye tundu la kutokea ikavikwa kichwa kitupu cha chuma. Nilikuwa nimefika kwenye ukumbi huo wa Sinza, Dar es Salaam, kumhoji msanii. Msanii alichelewa, na kadiri alivyozidi kuchelewa ndivyo ile plagi ilivyozidi kunisumbua.

Fundi mitambo wa usiku huo, dada aliyefunga khanga kiunoni juu ya suruali ya jinzi, aliniona nikiichungulia. Akapanda, akaichomoa, akaifungua na kunionyesha kiganjani. Ndani mlikuwa na rezista moja tu, yenye mistari ya kahawia, nyekundu, kahawia na dhahabu, imechomelewa kati ya pini ya pili na ya tatu. Ni omu 120. Bei yake haifiki bei ya soda, na plagi nzima kaiunda mwenyewe nyumbani. Ameniomba nisimtaje jina, kwa kuwa baadhi ya mapromota anaowasema bado hawajamlipa.

Maelezo yake ni haya. Mpigo wa umeme unaobeba amri za taa hautulii eti kwa sababu waya umeisha. Ukifika mwisho usikute kitu cha kuumeza, hugeuka na kurudi ulikotoka, kama sauti inavyorudi kwenye ukumbi mtupu. Njiani unagongana na amri zinazokuja nyuma yake, na taa zilizo katikati husoma mchanganyiko ambao hakuna aliyeutuma. Ndipo taa moja inapoanza kupepesa bila kuagizwa, au nyingine inageuza kichwa kuangalia ukuta katikati ya wimbo wa taratibu. Rezista inaumeza ule mpigo, basi. Kazi yake yote ni hiyo.

Anasema alisumbuka sana kabla ya kulijua hilo. Alibadilisha taa, akabadilisha waya, akamlaumu aliyemuuzia Kariakoo, siku moja akamfokea mpambaji aliyepitisha maua karibu na jukwaa. Tatizo halikuwa na adabu: jioni kwenye majaribio kila kitu kinatii, usiku ukumbi ukijaa linazuka. Waya nao ulichangia. Alikuwa akitumia waya wa maikrofoni, maana plagi ni ileile na dukani vinauzwa rafu moja, kumbe waya wa maikrofoni haukutengenezwa kwa mipigo ya kasi namna hiyo. Kanuni za taa zinataka plagi ya pini tano, ambayo haiingii kwenye maikrofoni hata ukilazimisha. Viwanda vingi vya taa za bei nafuu viliweka pini tatu, na wanunuzi wa taa za bei nafuu ndio sisi.

Kanuni hizo zinaitwa DMX512. Zilitungwa mwaka 1986 na USITT, taasisi ya Marekani inayoshughulikia teknolojia ya majukwaa, ili taa za kiwanda hiki ziweze kuendeshwa na mtambo wa kiwanda kile. Waya mmoja unabeba chaneli 512, na kila chaneli inabeba namba moja tu, kuanzia 0 hadi 255. Kwenye taa ya rangi, chaneli moja ni ukali wa mwanga, nyingine ni nyekundu, nyingine kijani, nyingine buluu. Taa ya kuzungusha kichwa inaweza kula chaneli 16 peke yake. Mtambo ukituma chaneli zote 512, orodha nzima ya namba inasomwa upya takriban mara 44 kwa sekunde, usiku kucha, hata kama hakuna kilichobadilika.

Na taa hazijibu. Hapo ndipo fundi huyu anapokazia. Ukiitazama laptopu yake unaona duara za rangi zikiwaka na kuzimika, kila moja ikiwa na jina la taa yake, na utadhani kompyuta inakutolea taarifa ya jukwaa. Haikutolei. Inakuonyesha ilichokisema. Taa ya nne ikiwa imeungua, ikiwa imechomoka waya, ikiwa imeanguka chini, duara yake itaendelea kung'aa. DMX haina hata njia ya kuhakikisha kama namba imefika salama: ikiharibika njiani, taa inaipokea hivyohivyo, na usahihi unarudi orodha inayofuata ikifika. Anayejua kilichotokea ni mtu mwenye macho aliyekaa mkabala na jukwaa.

Kwa hiyo kabla ya kila onyesho anaamua jambo ambalo mteja hatalijua kamwe: waya ukikatika, kila taa ifanye nini? Nyingi zina mpangilio wa kuchagua ama kuzimika ama kubaki na amri ya mwisho iliyopokea. Zinazoelekea kwa watazamaji anaziambia zizimike, zisije zikawapofusha watu. Zinazommulika mwimbaji anaziambia zibaki. Wimbo unaweza kuisha kwa heshima huku fundi yuko mgongoni mwa jukwaa na tochi mdomoni.

Programu yake ya taa ni QLC+, ambayo hupakuliwa bure na msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Humo anaandikisha kila taa na chaneli zake, anatunga mandhari, anayapanga yafuatane, kisha anayapachika kwenye kibao cha Akai chenye vitufe 64 na vitelezi 9, kifaa kilichobuniwa kwa ajili ya wapiga muziki. Video za skrini kubwa anaziendesha kwa programu nyingine, Resolume. Hizo ziko kwenye laptopu ya pili, na sababu yake ni kijisanduku cha USB kinachokaa kati ya kompyuta na waya wa taa.

Vijisanduku hivyo viko vya aina mbili, na kwa nje havitofautiani sana. Cha bei ndogo kinaiachia kompyuta kazi yote ya kuhesabu muda wa kila orodha. Kompyuta ikishughulika na video nzito, inachelewa kidogo, na kuchelewa huko jukwaani huonekana kama taa zinazokwama au kupepesa. Cha bei kubwa kina akili yake ndani: kinashika orodha ya mwisho na kuendelea kuituma kwa mwendo uleule hata laptopu ikizubaa. Alianza na cha kwanza. Hata baada ya kupata cha pili hakurudisha kazi zote kwenye mashine moja. Anachobonyeza kwenye kibao kinaifikia laptopu ya taa, nayo inaiarifu ya video kwa waya wa mtandao. Wi-Fi zote mbili zimezimwa, Windows isije ikaamua kujisasisha maharusi wakiwa mlangoni.

Kuna tatizo jingine ambalo halitibiwi kwa kifaa. Programu nyingi za aina hii zimerithi fikra za tamthilia. Mwaka 1975 mbunifu wa taa Tharon Musser alipoiangazia tamthilia ya muziki A Chorus Line kule Broadway kwa mtambo wa kompyuta uliokumbuka kila hatua ya taa, onyesho la jana na la leo yalifuata maneno yaleyale na miondoko ileile. Hatua ya 40 ilikuja baada ya 39. Anayeongoza onyesho anatamka namba, fundi anabonyeza.

Sasa lete taarab. Shabiki anainuka na noti zake, anapanda kwa madaha, anamtuza mwimbaji huku akimtazama mwenye ujumbe wake ukumbini. Aliyelengwa naye anainuka kujibu. Wa tatu anaona asiachwe. Mwimbaji akiona foleni, ubeti unarudiwa, na wapiga ala wanamfuata bila kuambiwa. Wimbo wa dakika 10 unaweza kwenda 20, na hakuna anayelalamika isipokuwa aliyeupanga kwenye mstari wa muda. Fundi wetu aliwahi kuupanga hivyo, wimbo mzima, kila kiitikio na rangi yake. Usiku huo taa zilifika kilele na kushangilia peke yao, mwimbaji akiwa bado katika ubeti wa pili.

Tangu siku hiyo haandiki wimbo, anaandika vipande. Kiitikio kinajizungusha mpaka aamue kukiachia. Mwendo wa taa hauhesabiwi na saa, anaupigapiga kwa kidole kwenye kitufe kimoja akifuata ngoma, na bendi ikichangamka anaupiga upya. Kitufe anachokipenda kuliko vyote ni cha mtuzaji. Akikibonyeza, ukingo wa mbele wa jukwaa unapata mwanga laini wa rangi ya dhahabu, bila kumzima mwimbaji. Mtu aliyeshonesha gauni kwa ajili ya usiku huu, anasema, akipandishwa gizani ameonewa. Katika programu yenyewe hakuna kitu kinachoitwa mtuzaji. Ni yeye aliyekiweka.

Skrini nayo ina mambo yake. Ile ya siku hiyo iliundwa kwa vipande vya sentimita 50 kwa 50, kila kimoja kikiwa na nukta 128 upana na 128 urefu. Vipande 8 kwa 4 vinatoa skrini ya mita 4 kwa 2, na kwa jumla ni nukta 1,024 kwa 512. Simu ya mwenye harusi ina nukta nyingi kuliko huo ukuta. Ndiyo maana kadi ya mwaliko yenye maandishi ya kukolezwa, anayoletewa kwenye flashi nusu saa kabla ya shughuli, ikipanda pale inageuka ukungu. Anaiandika upya kwa herufi kubwa, majina mawili na tarehe, na hakuna anayejua kwamba amefanya kazi hiyo. Skrini walau ina bahati ambayo taa hazina: waya wake wa data unaweza kufungwa mduara, ukikatika katikati picha ikaingilia upande wa pili.

Nilimuuliza kwa nini taa zisijifunze kujibu. Zimekwisha kujifunza. Tangu mwaka 2006 kuna nyongeza ya DMX inayoitwa RDM, inayoruhusu taa kurudisha taarifa kwa waya uleule: niko hapa, anwani yangu hii, joto langu hili. Lakini kila kifaa kilichoko njiani lazima kiielewe, kuanzia kijisanduku hadi kigawa waya, na taa anazozimudu hazina. Mwenye ukumbi hawezi kuona tofauti, hivyo hataki kuilipia.

Swali kuhusu moto wa jukwaani ndilo lililombadilisha sura. Kanuni za DMX zinaonya waziwazi kwamba isitumike kuendesha vitu vinavyoweza kudhuru watu, kwa sababu ileile: amri ikiharibika njiani hakuna anayeisahihisha. Hata hivyo mashine za kurusha ndimi za moto zenye tundu la DMX zinauzwa, na mapromota wanazitaka. Yeye anazikataa kwenye waya wake. Moto ukiwa lazima, anataka uwe na mtu wake, swichi yake na macho yake, mbali na laptopu. Amepoteza kazi kwa msimamo huo, na kazi hizo zilichukuliwa na wengine. Nani anakagua waya za jukwaa kabla milango ya ukumbi haijafunguliwa? Nimewauliza wenye kumbi kadhaa. Kila mmoja alinielekeza kwa mwingine.

Kwenye malipo, promota anaanza na swali moja: una taa ngapi? Bei inafuata idadi. Siku nzima ya kuandika vipande, kupima waya na kukaa na bendi kujua kiitikio kinakaa wapi, hiyo haina mstari kwenye ankara. Amejaribu kuiongezea mstari wake. Wachache wanaulipa, wengi wanaukata kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Kwenye bango la onyesho kuna msanii, DJ, MC, mpambaji, hata mpishi. Anayeendesha taa hayumo.

Anafundisha kijana mmoja. Programu ameishika haraka kuliko mwalimu wake, na rangi anazichanganya vizuri. Kasoro ni kwamba anaangalia kompyuta. Mwimbaji anageuka, mtuzaji anapanda, taa ya nne imezimika, na kijana macho yake yako kwenye duara zinazong'aa. Fundi ameanza kuupunguza mwanga wa laptopu hadi mwisho kila wimbo unapoanza, abaki na vitufe chini ya vidole na jukwaa mbele. Juzi kijana aliupandisha tena alipodhani hatazamwi. Kama hilo la kuangalia jukwaa linaweza kufundishwa, fundi bado hajaamua.