Siri za Msuli (5): Kamba Iliyojificha Ndani ya Uzi

Kurasa za michezo majuma haya zimejaa wachezaji waliochanika misuli ya nyuma ya paja, na wasomaji wananiuliza: msuli hukazaje hata ukachanika?

Tulikwisha kuona aktini na miosini, nyuzi za protini ndani ya msuli, zinavyopishana. Ukakamavu wa kwanza unatoka hapo. Kila kichwa cha miosini kilichoshika aktini ni mkono unaovuta, na kadiri mikono inayoshika inavyokuwa mingi ndivyo uzi wa msuli unavyokuwa mgumu kunyooshwa. Kinachoiachisha ni ATP, molekuli ya nishati ya seli. Ikikwisha, mikono haiachii tena. Ndivyo mwili unavyokakamaa baada ya kufa, na ndiyo maana waosha maiti hulainisha viungo mapema.

Lakini msuli uliolegea nao ukivutwa hurudi. Nani anaurudisha? Swali hili nimeishi nalo tangu ujana wangu. Mwaka 1954, mwaka uleule nadharia ya kupishana ilipotangazwa, Mjapani Reiji Natori alichuna utando wa uzi mmoja wa msuli wa chura, ndani ya mafuta, uzi mwembamba kama unywele! Uzi ule, uchi wa utando wake, ukaendelea kunyumbuka. Basi kamba imo ndani. Mjapani mwenzake, Koscak Maruyama, akaitafuta protini yenyewe, na mwaka 1977 akaitangaza kwa jina la konektini. Miaka miwili baadaye Kuan Wang, huko Marekani, akaeleza protini kubwa ajabu, akaiita titini. Ilikuwa ni ileile. Jina la Marekani ndilo lililoshika.

Titini ni protini kubwa kuliko zote mwilini mwetu: molekuli moja hufika urefu wa mikroni 1, toka ukingo wa sarkomia, kipande kimoja cha uzi kinachojikunja, hadi katikati yake. Sina ugomvi na jina wala na Wang, mwanasayansi hodari. Ninachokikataa ni usahaulifu. Walimu wetu wanaofundisha titini pasipo kumtaja Maruyama, wala Natori na subira yake, wanawanyima vijana somo la adabu.

Nafasi inakwisha, turudi kwenye swali la wasomaji. Paja la mkimbiaji huchanika mara nyingi mguu ukiwa hewani, ukinyooshwa mbele kabla ya kukanyaga: msuli unavuta na papo hapo unarefushwa, vichwa vya miosini vimeshika, titini nayo imetanuka. Kocha anayemwinua kijana benchi, mwili haujapata moto, na kumwamuru atimke, anamdhulumu.

Juma lijalo: kwa nini titini ya moyo ni fupi na ngumu kuliko ya paja.