Kinachotakiwa Kutoka ni Kondo

Mtoto akishalia, mkunga hungojea kondo la nyuma. Hulipokea, akaligeuza huku na huku kuhakikisha limetoka zima, maana kipande kikibaki tumboni mama anaweza kutokwa damu hadi kufa. Kisha nyumbani huzikwa, hospitalini hutupwa kwenye shimo lake, na habari zake zimekwisha. Naona tunaliaga upesi mno. Pande hilo la nusu kilo hivi limekuwa mapafu, figo na tezi ya mtoto kwa miezi tisa.

Kazi kubwa hufanyika kwenye utando wake wa nje, unaooshwa na damu ya mama. Hapo seli changa huungana zikawa kitu kimoja chenye viini visivyohesabika. Kinachoziunganisha ni protini iitwayo sinsitini, ambayo jeni yake ilitoka kwa kirusi kilichowaingia mababu zetu mamilioni ya miaka iliyopita. Wanasayansi waliibaini mwaka 2000. Zikishaungana ndipo hutoa kwa wingi homoni ya hCG, ile inayotafutwa na kipimo cha mimba cha mkojo.

Mimi hushangazwa zaidi na kotisoli, homoni inayopanda mtu akiwa na hofu au dhiki. Ikimfikia mtoto kwa wingi humdumaza, hivyo kondo lina kimeng'enya kinachoigeuza sehemu kubwa kuwa kotisoni, isiyo na nguvu hiyo. Lakini kotisoli hiyo hiyo huliamuru kondo lizidishe homoni nyingine, CRH, ambayo kule kwenye ubongo kotisoli huizuia. Ishara ni moja, lakini seli za ubongo hupunguza na za kondo huongeza. Ndivyo CRH inavyozidi kupanda kadiri siku za kujifungua zinavyokaribia.

Kondo kuitikia hivi hali ya mwili wa mama kuna hatari zake. Mishipa ya mji wa mimba isipopanuka vya kutosha, damu hulifikia kondo vibaya, nalo huanza kumwaga protini ya sFlt-1 kupita kiasi. Protini hii huinasa nyingine, PlGF, inayoitunza mishipa ya mama. Presha hupanda, protini huonekana kwenye mkojo, na mama asipowahiwa hushikwa na degedege: kifafa cha mimba. Sindano ya magnesiamu salfeti huzuia degedege, ila chanzo bado kimo tumboni. Ndiyo maana hali ikizidi daktari humzalisha mama hata kabla ya miezi kutimia. Mtoto angeweza kungoja. Kondo ndilo lisiloweza kuachwa.